Safari ya Maji Machafu Ardhini: Mashimo ya Kunyonyea na Visima vya Mingoyo

Mwezi wa Oktoba, kiangazi kinapokuwa kimekomaa katika pwani ya Lindi, ardhi ya Mingoyo huonekana kana kwamba haina shibe. Maji ya kuogea, maji ya kufulia, maji ya kuoshea vyombo na hata yale yatokayo chooni, yote huingia shimoni na kutoweka. Mwenye nyumba hana sababu ya kulifikiria shimo lake. Mwezi wa Aprili shimo lilelile, lililochimbwa na fundi yuleyule, hujaa hadi mdomoni. Maji meusi huchungulia kwenye mfuniko, choo hukataa kupitisha maji, na harufu huenea uani. Watu husema kwamba shimo limekufa. Fundi huitwa, shimo jingine huchimbwa kando yake, tena kwa kina zaidi, na baada ya masika mawili au matatu nalo hufuata nyayo za mwenzake.

Jambo hilo si bahati mbaya, wala si lazima liwe kosa la fundi. Aghalabu hutokana na kutofahamika kwa kazi inayofanywa na udongo. Shimo la kunyonyea hudhaniwa kuwa ni ghala la kufichia uchafu, na kwa hiyo kila likichimbwa kubwa na refu zaidi ndivyo linavyodhaniwa kuwa bora zaidi. Kwa kweli shimo lenyewe halina kazi kubwa. Mtambo hasa wa kusafisha ni ule udongo usiojaa maji ulio baina ya chini ya shimo na maji ya ardhini. Palipo na udongo huo wa kutosha, maji machafu hushuka polepole na kusafika njiani. Pasipo na udongo huo, maji machafu huungana moja kwa moja na maji ambayo jirani, hatua chache upande wa chini, huyateka kwa ndoo.

Mingoyo ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Iko pale ambapo bonde la mto Lukuledi linakutana na hori ya Lindi, karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja ambako barabara itokayo Lindi hugawanyika kuelekea Masasi na Mtwara. Upande wa bondeni ardhi ni ya chini, mikoko imeota kandokando ya hori, na anayechimba kisima hukutana na maji upesi. Upande wa miinuko udongo ni mwekundu na wa kichanga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani ya kusini, na maji yako mbali chini. Mvua karibu yote ya mwaka hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo usawa wa maji ya ardhini haukai mahali pamoja. Hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi, kama kifua cha mtu anayepumua mara moja tu kwa mwaka. Shimo lililochimbwa Oktoba na kuonekana kavu huenda likawa limezama ndani ya maji ifikapo Aprili.

Kuyaachia maji machafu yaingie ardhini si jambo geni katika pwani hii. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, na wale waliochimba Gede huko Kenya, walikuta nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo ndani yake pamoja na mahali pa kuogea. Waungwana wa miji hiyo walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakaishi juu ya miamba ya matumbawe, na maji yao ya kuogea yakanyonywa na miamba hiyohiyo. Visima vyao pia vilikuwa humohumo mjini. Katika karne yetu hii na ile iliyopita, hatua kubwa zaidi kwa Tanzania Bara ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni, na vyoo vya shimo vikachimbwa kwa malaki. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2017, iliendeleza kazi hiyo na kuhimiza vyoo bora. Hata hivyo choo cha kumwagia maji kinaleta swali ambalo choo kikavu cha shimo hakikuwa nalo kwa uzito huo, nalo ni kiasi cha maji. Choo kikavu hupokea lita chache kwa siku. Nyumba yenye bomba, bafu na choo cha kumwagia maji hupeleka ardhini mamia ya lita kila siku, mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe.

Nyumba ya namna hiyo huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni tangi lisilovuja, ambalo wengi huliita karo na wengine septiki. Mfaransa Jean-Louis Mouras alisajili uvumbuzi wa tangi la aina hiyo mwaka 1881, na jina la septiki likatolewa na Donald Cameron, aliyejenga tangi lake katika mji wa Exeter, Uingereza, mwaka 1895. Ndani ya karo maji hutulia kwa muda usiopungua siku moja. Vitu vizito huzama na kuwa mashapo, mafuta na povu huelea, na bakteria wasiohitaji hewa huyala mashapo hayo na kupunguza wingi wake. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka kuelekea kwenye kitu cha pili, yaani shimo au mfereji wa kunyonyea.

Hapo ndipo penye udanganyifu mkubwa wa macho. Maji yatokayo kwenye karo linalofanya kazi vizuri huonekana afadhali sana kuliko yaliyoingia. Lakini karo huondoa kiasi cha nusu tu ya uchafu unaoelea, na vijidudu vya maradhi haviondoi isipokuwa kwa sehemu ndogo. Nusu glasi ya maji hayo huweza kuwa na bakteria wa kinyesi kwa mamilioni. Hivyo maji ya karo ni maji yaliyotibiwa nusu. Nusu ya pili, tena iliyo ngumu zaidi, imeachiwa udongo.

Udongo huifanya kazi hiyo kwa namna kadhaa, na kila namna ina mpaka wake. Kwanza huchuja. Yai la mnyoo wa tumboni lina upana wa karibu sehemu 50 za elfu moja ya milimita, na haliwezi kupita mbali katikati ya chembe za mchanga. Bakteria ni wadogo kuliko yai hilo mara kumi na zaidi, na virusi ni wadogo mno kuliko bakteria. Hao hawazuiliwi na chujio peke yake. Bakteria hunaswa hasa na ule utando wa ute unaojengeka pale maji yanapoingilia, na virusi hunata kwenye chembe za mfinyanzi kama vumbi linavyonata kwenye kitambaa. Wakishanaswa, muda huwamaliza. Wengi hufa katika siku au majuma machache, na wengine huliwa na viumbe wadogo wanaoishi udongoni.

Lakini hayo yote hutimia endapo udongo una hewa. Katika udongo usiojaa maji, vinyweleo vikubwa vya udongo vimejaa hewa, na maji machafu hutambaa juu ya chembe kama utando mwembamba, yakigusa kila chembe na kushuka polepole. Udongo ukishajaa maji mambo hugeuka. Maji huacha kutambaa, hukimbilia kwenye vinyweleo vikubwa na kwenda upesi. Chembe nyingi hazigusi, na hewa ambayo viumbe wa udongo huitegemea imefukuzwa. Udongo uleule unaosafisha maji wakati wa kiangazi hugeuka kuwa bomba wakati wa masika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu Lewis, Foster na Drasar walichapisha mapitio ya uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi kuhusu uchafuzi wa maji ya ardhini utokanao na vyoo. Mapitio hayo yalionyesha kwamba penye udongo mzuri usiojaa maji wa kiasi cha mita 2 chini ya shimo, hatari ya vijidudu kufika kwenye maji ni ndogo. Mara vinapoyafikia maji ya ardhini huanza kusafiri kwa ubavu, kwa mwendo wa maji hayo. Ndiyo sababu kanuni maarufu ya mita 15 baina ya choo na kisima hufaa katika mchanga mwembamba, ambamo maji hujikokota, lakini haina maana sawa kila mahali. Kinachoua vijidudu ni siku za safari. Idadi ya hatua ni kipimo tu cha siku hizo. Na kina cha udongo mkavu chini ya shimo kina thamani kubwa kuliko masafa ya pembeni, jambo ambalo wachimbaji wa mashimo marefu huligeuza kinyume.

Kuna kitendawili kingine kinachohusu kasi ya kunyonya. Mchanga safi wa wastani huweza kunywa zaidi ya lita 1,000 za maji safi katika kila mita moja ya mraba kwa siku. Mchanga huohuo ukinyweshwa maji ya karo, baada ya miezi michache hunywa kiasi cha lita 50 tu. Udongo wa kichanga uliochanganyika na mfinyanzi kidogo hunywa kama lita 25, na mfinyanzi mzito haufikii hata 10. Kinachopunguza kasi si ugumu wa ardhi. Ni ule utando mweusi wa ute na vijidudu unaofunika kuta za shimo. Utando huo ni rafiki na adui kwa pamoja, kwani ndio chujio bora kuliko yote, na ndio unaoliziba shimo. Ukiwa mwembamba husafisha. Ukilishwa mashapo kupita kiasi, huwa ngozi isiyopitisha kitu. Karo lisilonyonywa mashapo yake kwa miaka mingi huyatema kidogo kidogo kuelekea shimoni, na hivyo shimo hufa kwa kosa la karo. Mwenye nyumba huchimba shimo jipya kwa gharama kubwa, na huliacha karo lilelile lililoua la kwanza.

Jaribio la kupima unyonyaji wa udongo lilianza kutumika katika jimbo la New York, Marekani, katika miaka ya 1920, na linaweza kufanywa na fundi yeyote. Huchimbwa tundu lenye upana wa sentimita 30 hivi, hadi kwenye kina ambacho maji yatanyonyewa. Tundu hujazwa maji jioni na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe. Asubuhi hujazwa tena, na muda wa maji kushuka hupimwa kwa saa na rula. Yakishuka haraka mno, udongo ni chujio hafifu. Yasiposhuka kabisa, mahali hapo hapafai. Jaribio hili lina kasoro mbili. Hutumia maji safi, na kwa hiyo hueleza habari za udongo kabla haujavaa ule utando. Tena kwa kawaida hufanywa kiangazi, kwa kuwa ndio msimu wa kujenga. Fundi wa Mingoyo anayelifanya Oktoba upande wa bondeni amepima udongo wa mwezi mmoja tu wa mwaka.

Mfano wa hesabu utasaidia. Chukua kaya ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 40 za maji kwa siku. Jumla ni lita 240. Ikiwa udongo hunywa lita 25 kwa kila mita ya mraba, kaya hiyo inahitaji karibu mita za mraba 10 za kuta za kunyonyea. Kitako cha shimo hakihesabiwi, maana huzibwa na mashapo mapema. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.2 lina mzunguko wa karibu mita 3.8. Ili kupata mita za mraba 10 ni lazima liende mita 2.6 chini ya bomba linaloingiza maji, na ukiongeza udongo wa juu, kitako chake kitakuwa zaidi ya mita 3 chini ya ardhi. Kwenye mwinuko wa udongo mwekundu, ambako maji ya ardhini yako mbali, shimo hilo halina lawama. Bondeni, mahali ambapo maji ya masika hupanda hadi mita 2, sehemu ya chini ya shimo hilo itakuwa kisima.

Mita zilezile 10 za kuta zaweza kupatikana kwa njia nyingine. Mfereji mwembamba wenye kokoto na bomba lililotobolewa, ukiwa na kimo cha nusu mita cha kunyonyea kila upande, hutoa mita moja ya mraba katika kila mita moja ya urefu wake. Mfereji wa mita 10 hutosha kaya ileile, na kitako chake hakizidi mita moja kutoka juu. Kwa kuhama kutoka shimo hadi mfereji, nyumba imejipatia mita 2 za udongo mkavu bila kununua kitu chochote kigeni. Kinachohitajika zaidi ni nafasi, na nafasi katika viwanja vya pembezoni mwa barabara kuu ndiyo inayokwisha kwanza.

Mifereji ikiwa miwili badala ya mmoja, kila mmoja huweza kupumzishwa kwa miezi kadhaa huku mwenziwe akifanya kazi. Hewa ikiingia katika mfereji uliopumzika, ule utando mweusi huliwa na kukonda, na udongo hurudia kiu yake. Mkulima anayelaza shamba analielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili.

Pale ambapo maji hupanda hadi chini ya mita moja, hata mfereji haufai. Katika hali kama hiyo wataalamu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliendeleza katika miaka ya 1970 utaratibu wa kujenga kilima cha mchanga juu ya ardhi na kuyanyonyeshea maji humo, ili yasafike kabla hayajaugusa udongo uliolowa. Wazo hilo si geni kwa watu wa bondeni. Mwenye kupanda viazi vitamu katika ardhi ya majimaji huinua matuta ili mizizi isioze. Tofauti ni kwamba tuta la maji machafu huhitaji pampu au mteremko wa kutosha kutoka kwenye karo, na kwa sababu hiyo ni ghali kwa nyumba ya kawaida. Choo kikavu kilichoinuliwa kwenye msingi wa juu hugharimu kidogo kuliko tuta hilo na huondoa tatizo lilelile.

Kote pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani na visiwani, kuna aina nyingine ya ardhi ambayo hesabu hizi hazitumiki ndani yake, nayo ni mwamba wa matumbawe. Fundi hufurahi akiupata kwa sababu shimo katika mwamba huo halijai kamwe. Furaha hiyo yafaa itiliwe shaka. Shimo lisilojaa kamwe ni shimo lenye ufa, na maji yanayopotea kwa kasi hayakuchujwa na kitu. Jaribio lililofanywa Mochudi, mashariki mwa Botswana, katika ardhi yenye miamba iliyopasuka, lilionyesha hatari hiyo kwa namna isiyosahaulika. Wachunguzi walitia chumvi ya madini ya lithiamu katika choo cha shimo, kisha wakaitafuta katika kisima cha maji kilichokuwa mita 25 kutoka hapo. Chumvi ilifika katika dakika 235, yaani kabla ya saa nne kutimia. Kanuni ya mita 15 ilikuwa imeheshimiwa na kuzidishwa, lakini kijidudu cha kipindupindu kingalifika kisimani kikiwa na nguvu zake zote. Mwamba wa Mochudi si matumbawe, ila nyufa ni nyufa. Katika ardhi ya namna hii dawa ni kuleta mchanga pale usipokuwapo. Shimo huchimbwa pana, na mchanga wa nusu mita au zaidi hupangwa chini na pembeni mwa kokoto ili uwe chujio la kutengenezwa.

Ni haki pia kusema kwamba si kila kisima kichafu kimechafuliwa kwa njia ya ardhini. Kamba inayoburutwa chini, ndoo iliyowekwa kwenye matope, ukingo wa saruji uliopasuka na kurudisha maji ya kufulia kisimani, vyote hivyo huingiza uchafu kwa njia fupi kuliko safari yoyote ya chini kwa chini. Kipindupindu, ambacho Tanzania imekuwa ikipambana nacho mara kwa mara tangu mwaka 1977, hutumia mlango wowote ulio wazi. Mtu anayesogeza choo chake mbali na kisima lakini akaacha mdomo wa kisima bila mfuniko amefunga dirisha na kuacha mlango.

Vijidudu vinaweza kufa udongoni. Kitu kimoja hakifi, nacho ni nitrojeni. Mkojo na kinyesi vina nitrojeni nyingi, na udongo wenye hewa huigeuza kuwa nitrati, chumvi inayoyeyuka na kwenda na maji popote yaendako. Hapa ndipo udongo mzuri unapozaa tatizo lake. Kila unavyofanya kazi vizuri ya kuua bakteria, ndivyo unavyotengeneza nitrati zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa kwa chupa, ambao damu yao huweza kupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Kuyachemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, na nitrati hubaki palepale ikiwa imekolea zaidi.

Tuseme mtu mmoja hutoa kilo 3 za nitrojeni kwa mwaka, na nusu yake hufika kwenye maji ya ardhini. Kaya ya watu 6 hupeleka kilo 9, ambazo zikigeuka nitrati huwa kama kilo 40. Tuseme tena kwamba katika mvua yote ya mwaka, milimita 100 ndizo zinazopenya hadi chini. Nyingine huchukuliwa na jua, mimea na mito. Katika eka moja hiyo ni lita 400,000 za maji. Ukigawanya, kila lita hupata miligramu 100 za nitrati, mara mbili ya mpaka uliowekwa, kwa kaya moja tu katika eka nzima. Ni hesabu ya makadirio, na haikuyaingiza maji mengine yanayopita chini ya eka hiyo wala mizizi inayoila nitrojeni njiani. Hata hivyo inaonyesha kwa nini kijiji chenye nyumba za mbalimbali kiliweza kunywa maji ya visima vyake kwa vizazi vingi, na mtaa uliojengwa juu ya ardhi ileile kwa nyumba kumi katika eka hauwezi. Ardhi ni ileile. Walioongezeka ni wageni wake.

Mizizi ndiyo iliyobaki kuwa msaidizi. Desturi ya kupanda migomba na mipapai mahali maji ya bafuni yanapotokea ni ya hekima kuliko inavyoonekana. Maji yakinyonyewa katika nusu mita ya juu, mizizi huyapata na kuchukua sehemu ya nitrojeni kabla haijazama. Yakipelekwa mita 3 chini, hakuna mgomba utakaoyafuata. Kadhalika maji ya kuogea, na yale ya udhu misikitini, hayana uchafu wa choo, na hakuna sababu ya kuyatia kwenye karo moja na maji ya choo na kulichosha shimo. Kuyatenga na kuyaelekeza kwenye miti hupunguza mzigo wa shimo la choo kwa zaidi ya nusu katika nyumba nyingi.

Shimo linalosimamisha maji lina hasara nyingine ambayo watu wa pwani wanaijua kwa miili yao. Mbu aina ya Culex, tofauti na yule wa malaria anayependelea maji masafi, huzaliana katika maji machafu yaliyotuama, yaani kwenye mashimo ya vyoo yaliyoingiwa na maji na kwenye mashimo ya kunyonyea yaliyoziba. Katika miji ya pwani mbu huyo ndiye mwenezaji mkuu wa minyoo ya matende na mabusha. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988 watafiti walifunika maji ya mashimo ya vyoo kwa chembe nyepesi za polistirini, ile nyeupe inayotumika kufungia vyombo vinavyovunjika, wakati huohuo wakazi wakipewa dawa ya kuua minyoo. Chembe hizo huelea na kufanya tabaka ambalo buu wa mbu hawezi kulipenya ili apumue. Mbu walipungua sana, na maambukizo yakashuka kwa kiasi kikubwa katika miaka iliyofuata. Tabaka hilo hudumu kwa miaka, kwa kuwa chembe hazilowi wala haziozi, na huinuka na kushuka pamoja na maji ya shimo. Kitu kinachoweza kuliharibu ni mafuriko. Shimo lililochimbwa chini mno, likapandiwa na maji ya ardhini wakati wa masika hadi likafurika, humwaga chembe zake zote uani, na mbu hurejea kabla matope hayajakauka.